Kimea cha Nguruwe

Nikisema kwamba nililea nguruwe miaka sita, watu hufunga pua. Wanadhani nitaanza kueleza uchafu. Nguruwe si mchafu. Mchafu ni yule anayemfungia mahali padogo halafu akashangaa harufu. Kosa la nguruwe ni lingine kabisa. Mtoto wake akishaachishwa ziwa, tumbo lake huwa la kisirani: ukimpa leo kisichomfaa, kesho anahara, keshokutwa amelala ubavu, macho yameingia ndani. Halafu watu wazima wanakuja kusimama juu yako na kukuuliza umefanya nini.

Shamba lilikuwa nje ya Eldoret, njia ya Burnt Forest. Wakati huo mji tuliuita Sisibo, na kwenda na kurudi kwa gari la ng'ombe ilikuwa kazi ya siku nzima. Mume wangu alikuwa mtu wa plau. Kwa kazi yake bwana mwenye shamba alituruhusu kujenga nyumba, kufuga ng'ombe watatu, na kulima kishamba kando ya kijito, ambapo nilipanda wimbi na maharagwe. Hatukuwa na kitu kingine duniani ila ruhusa hiyo. Mume wangu alikuwa amekwisha kufukuzwa na Kaburu mmoja ng'ambo ya mto, na maneno mabaya yaliandikwa kwenye kipande, cheti chake cha kazi. Huko kwetu magharibi ndugu zake walikuwa wamegawana shamba la baba yao kana kwamba yeye amekufa. Tukifukuzwa hapa hatukuwa na pa kwenda, na kila mtu pale shambani alilijua hilo, hasa nyapara.

Nyapara alikuwa mtu mnene wa koti la jeshi kuukuu, na kazi yake ilikuwa kusimama katikati. Bwana alisema na nyapara, nyapara akasema nasi. Nasi tukiwa na neno tulisema na nyapara, na neno likafia hapo. Siku aliyekuwa na kazi ya nguruwe alipochukuliwa jeshini, nyapara alikuja mlangoni kwangu nikiwa namnyonyesha mwanangu.

"Mama, bwana anataka mtu wa kulisha nguruwe ndogo," akasema. "Wewe uko na mtoto, unajua mambo ya watoto."

Sikuulizwa kama nataka. Baada ya wiki moja nilikuwa naitwa Mama Nguruwe mpaka kanisani.

Bwana mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu, mzee wa kutosha kuachwa na vita, na ugonjwa wake ulikuwa kusoma. Kulikuwa na gazeti la wakulima lililomfikia kwa posta, na kila lilipofika mimi nilianza kuumwa kichwa. Hapo mwanzo watoto wa nguruwe walikula unga wa mahindi na maziwa yaliyoenguliwa, na walikuwa wazima kabisa. Lakini vita vilikuwa vimepamba moto. Serikali ilitaka mahindi ya kulisha askari. Serikali hiyo hiyo ilitaka nguruwe wa kulisha askari. Ni nani huko ofisini aliyefikiri nguruwe hunenepa kwa upepo, sijui mpaka leo. Mahindi yote yakaanza kwenda stesheni kwenye magunia, na bwana akafungua gazeti lake.

Akaanza na shayiri. Ilikuwa shayiri iliyokataliwa na watengeneza bia, punje nyembamba zenye maganda makali. Nyapara akaniletea gunia akasema bwana ameamuru iparazwe tu na kumwagwa ndani ya hori. Nikaishika mkononi. Nilikuwa sijawahi kuona shayiri, lakini ganda nalijua nikiliona.

"Nyapara, hii itawachoma matumbo," nikasema. "Mwambie bwana isagwe vizuri, ipepetwe, halafu niipike."

"Bwana hakuuliza hiyo."

"Ndiyo maana nakuambia umwambie."

"Mama, wewe ni wa kulisha. Kufikiri ni ya bwana."

Wale wadogo waliitafuna, wakakohoa, wakatema. Waliomeza walianza kuhara siku ya tatu. Nilienda tena kwa nyapara. Alienda kwa bwana kweli, maana nilimwona kwa macho yangu akivua kofia barazani, na aliporudi nikamuuliza amesema nini. Akasema amemwambia bwana kwamba nguruwe wanaipenda shayiri sana. Nilitaka kumpiga na ndoo.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima. Gazeti likija, nafaka inabadilika. Ngano iliyosinyaa kwa ugonjwa ikaja, na safari hii amri ilikuwa isagwe laini kabisa, laini kuliko ya mikate. Sijui kama umewahi kutia unga mkavu wa ngano mdomoni. Hugeuka gundi. Wale wadogo walisimama kwenye hori midomo imenatana, wakitikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine, na mimi nazunguka na kitambaa kuwafuta kama yaya. Kisha mtama mwekundu, mchungu hata ndege hawautaki. Waliunusa wakaenda kulala. Katikati ya mambo hayo palipita pia wiki mbili za ile nafaka ya farasi, ambayo ilikuwa maganda matupu, nayo ikarudi kwa farasi.

Mwishowe akaleta wimbi. Hapo nikafurahi kidogo, nikasema angalau wimbi naujua. Lakini amri ikaja kwamba wapewe punje nzima, usisagwe, kwa sababu punje ni ndogo na nguruwe naye ni mdogo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Punje ya wimbi haishikiki na jino. Iliingia mbele ikatokea nyuma vilevile ilivyoingia, na kuku wa shamba zima wakahamia kwenye banda la nguruwe, wakawa wanatembea nyuma ya wale wadogo wakidonoa. Kuku walinenepa ajabu. Mvua iliponyesha, wimbi ukaota kwenye samadi, mzuri kuliko wangu wa kando ya kijito.

Wakafa tisa wa nguruwe jike mmoja, katika wiki moja. Bwana alikuja mwenyewe, akawatazama, akamwambia nyapara maneno kwa Kiingereza. Nyapara akanigeukia na kuyatafsiri vizuri sana, bila kupunguza hata moja. Safari hiyo ulimi wake haukuwa na kigugumizi. Wakifa wengine wa mzao unaofuata, mimi na mume wangu na ng'ombe wetu tutoke shambani kabla ya mwezi kuandama.

Mume wangu hakula jioni hiyo. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa wa kuogopa, na kila alipoogopa alinishauri mimi ninyamaze.

"Mama, fanya tu vile wanasema," akaniambia.

"Nimefanya vile wanasema. Ndiyo sababu wamekufa."

"Hata hivyo."

Unamjibu nini mtu anayesema hata hivyo? Mzao uliofuata ulikuwa wa watoto kumi na mmoja, na siku ya kuwatenga na mama yao ilikuwa imekaribia.

Wakati huo huo nilikuwa namwachisha mwanangu ziwa. Kwetu mtoto haachishwi kwa chakula kizito. Mama huchukua wimbi, huulowesha, huufunga kwenye gunia bichi na kuuwekea mawe juu, na baada ya siku tatu unachipua vimizizi vyeupe. Huuanika ukakauka kabisa, huusaga, na unga huo ndio kimea. Ukipika uji mzito wa nafaka yoyote ukauacha upoe kidogo, kisha ukatia konzi moja ya kimea na kukoroga, uji ule mzito hulegea mbele ya macho yako na kuwa mwepesi na mtamu. Mtoto anakunywa bakuli zima bila kukabwa, na tumbo lake linatulia. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua jambo hili. Nilijifunza kwa mama yangu, naye kwa mama yake, bila gazeti.

Siku moja nilikuwa nimempakata mwanangu kwenye jiko la nguruwe, kibanda kando ya banda lao, namnywesha uji wake, na wale wadogo waliobaki wa mizao ya nyuma wanalia bandani kwa njaa huku hori limejaa shayiri. Nikatazama bakuli, nikatazama hori. Nikajiona mjinga. Mwaka mzima nilikuwa natwanga maji kwenye kinu na dawa ninayo mkononi mwangu.

Sikumwambia nyapara. Nilichukua ile shayiri iliyolaaniwa, nikaisaga, nikaipepeta kwa ungo mpaka maganda yakatoka, nikaipika kwenye pipa mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Ilipopoa nikatia kimea cha mwanangu. Wale kumi na mmoja walipotengwa na mama yao walikunywa mpaka wakalamba mbao za hori, wakalala wamebanana, matumbo yamevimba kwa shibe. Wiki ya kwanza hakuna aliyehara. Wiki ya pili ngozi zao ziling'aa. Nililia kidogo, nasema kweli, nikajifuta na kile kitambaa cha ngano.

Tatizo lilikuwa kwamba nguruwe kumi na mmoja wanataka kimea kingi. Nikalowesha debe zima la wimbi wa bwana, na ulipochipua nikauanika juu ya mabati ya jiko la nguruwe, mahali penye jua, mahali pa wazi. Nilijiambia asiye na hatia haogopi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na ni kosa ambalo hata mtoto wa shamba lile asingefanya. Maana kimea kingi hivyo kikianikwa Jumamosi, huku kwetu kina maana moja tu. Busaa, pombe yetu ya nafaka, haiwezi kuchachuka bila kimea cha wimbi, na aliyeanika debe zima anatarajia wageni. Na bwana alikuwa amekataza pombe bila ruhusa yake. Aliyekamatwa aliondoka siku hiyo hiyo.

Kabla ya saa nne jirani yangu alifika na mzigo wa kuni kichwani. "Nimesikia," akasema, akautua. Nikamwambia ni chakula cha nguruwe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Saa sita wazee wawili walipita wakielekea kijitoni kukata matete ya mirija ya kunywea, wakanisalimu kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata tangu nizaliwe. Mwingine akaleta unga wa mahindi uliochachuka, akasema huu ni mchango wake. Mzee wa kanisa akaja kunionya kuhusu ulevi, akahubiri muda mrefu, na alipomaliza akakitazama kimea tena akauliza kitakauka lini.

"Ni cha nguruwe!" nilipaza sauti mpaka koo likaniuma. "Nguruwe! Njooni mwone!"

"Ndiyo, Mama. Nguruwe," walisema wote, na kukonyezana.

Jioni akaja nyapara.

"Mama, yangu utaweka kando," akasema. "Debe moja."

"Nyapara, hakuna pombe."

"Najua hakuna. Lakini yangu utaweka kando."

Nilimfukuza na mwiko. Mume wangu aliposikia alishika kichwa, akaniuliza kwa nini sikumpa tu hilo debe la pombe ambayo haipo.

Jumatatu asubuhi bwana alikuja kwa miguu, haraka, nyapara nyuma yake akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Mume wangu aliitwa kutoka shambani akaja mbio, udongo mpaka magotini. Bwana akanyoosha fimbo yake juu ya mabati.

"Hii kitu nini? Nani napika pombe hapa?"

"Hakuna pombe, Bwana," nikasema.

"Hii wimbi yangu. Mimi nasema hapana pombe. Wewe nasikia?"

"Bwana, huyu mama ameanika tangu Jumamosi," nyapara akasema kwa upole. "Watu wote wameona. Mimi nilimkataza."

"Mama, omba msamaha," mume wangu akaninong'oneza.

"Msamaha wa nini?"

"Omba tu. Tutaenda wapi?"

Nilimtazama, na nikaona nyumba yetu imebomolewa, ng'ombe wetu barabarani, mwanangu mgongoni, na nyapara anakunywa busaa ya mtu mwingine. Hasira ikanipanda mpaka woga ukakosa mahali pa kukaa.

"Bwana, ngoja," nikasema.

Sidhani kama kuna mtu wa pale aliyewahi kumwambia angoje. Akangoja. Nikachota uji wa shayiri kwenye pipa, mzito, nikautia kwenye sufuria na kusimamisha mwiko katikati. Ukasimama. Nikatia konzi moja ya kimea kilichosagwa, nikakoroga, nikasimamisha mwiko tena. Ukainama polepole, ukaanguka ukingoni. Nikakoroga mara nyingine, na uji ukawa unamiminika.

Bwana akachutama. Akatia kidole, akalamba.

"Tamu," akasema.

"Sasa tazama hawa," nikamwambia, nikafungua mlango wa banda. Walitoka wote kumi na mmoja, wekundu, mikia imejikunja, wakaikimbilia sufuria na kunipiga kumbo. Bwana akawatazama kwa muda mrefu. Akamshika mmoja, akamgeuza, akamtazama nyuma, akamnyanyua kupima uzito wake. Akauliza kama walikuwa wanakula shayiri ile ile. Nikasema ile ile. Akauliza ni nani aliyenifundisha.

"Ni mimi, Bwana," nyapara akadakia. "Mimi ndiye nilimwambia afanye hivyo."

Watu wengine Mungu aliwaumba ili tujue mipaka ya subira yetu.

Hatukufukuzwa. Mume wangu alicheka njia nzima kurudi nyumbani, akaimba, akanipa sifa ambazo hakuwahi kunipa siku ya harusi. Nami nilifurahi, kwa siku nne. Siku ya tano bwana alitoa amri yake, na ilikuwa amri ya mtu aliyefikiri vizuri sana akiwa peke yake. Wimbi wote wa shamba, pamoja na ule wa vishamba vya wafanyakazi, uletwe stoo kwa ajili ya watoto wa nguruwe. Kimea kikae chini ya kufuli. Atakayeonekana na kimea nyumbani kwake atahesabiwa ni mpishi wa pombe. Na ili mtu yeyote asione ameonewa, kila familia ingelipwa shayiri, gunia kwa gunia.

Nilivuna wimbi wangu wa kando ya kijito nyapara akiwa amesimama juu ya tuta. Nikabeba mwenyewe mpaka stoo. Nikarudi na shayiri ile ile yenye maganda.

Nilijaribu. Niliisaga, nikaipepeta, nikaipika mpaka kuni zikaisha. Bila kimea ulikuwa uji wa kukaba. Mwanangu aliutema, aliugeuzia uso, na aliponyweshwa kwa nguvu aliharisha. Baada ya wiki mbili mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Nikaenda mpaka barazani kwa bwana, bila nyapara, nikamwonyesha mtoto nikaomba kikombe kimoja tu cha kimea kwa siku.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimshika mwanangu kidevu, akatabasamu, akanijibu kama mtu anayenipa heshima.

"Kimea ya nguruwe, Mama. Toto yako hapana nguruwe."

Mume wangu alisema ninyamaze, tumeachwa tukae, tushukuru. Nikanyamaza. Kesho yake alfajiri nyapara alinifungulia kufuli, akanipimia kimea cha siku, akaenda zake. Nikapika uji wa nguruwe, nikautia kimea, nikakoroga mpaka ukalegea. Kabla ya kumwaga kwenye hori nilichota kikombe cha kwanza, nikakaa nyuma ya pipa na mwanangu, nikamnywesha huku natazama njia kama mwizi, na wimbi niliulima mimi.